Tundu la Binti Mfalme

Kwetu Diani neno animesheni halihusiani na katuni hata kidogo. Animesheni ni sisi: wale wa fulana za rangi moja wanaowachangamsha wageni hotelini, asubuhi mazoezi ndani ya bwawa, mchana mpira wa wavu ufukweni, jioni ngoma na maigizo jukwaani. Ukimwambia mtu wa Ukunda kwamba wewe ni animesheni wa hoteli fulani, hatakuuliza unachora nini. Atakuuliza kama bado wanaajiri.

Kwa hivyo siku ile bosi wetu alipotukusanya nyuma ya jukwaa, akatuambia kwa furaha kubwa kwamba animesheni ile ya zamani, ya binti mfalme aliyegeuzwa ndege, sasa imetengenezwa upya kwa watu halisi, sisi tulitazamana tu. Fundi wa mitambo ndiye aliyeuliza.

"Kwani siku zote hizi sisi tulikuwa nini, bosi? Majini?"

Tulicheka mpaka bosi akakunja uso. Alikuwa mtu wa Nairobi, mchapakazi kwelikweli, ila mizaha ya Pwani ilikuwa haimwingii. "Wacheni mchezo," alisema. "Naongea mambo ya filamu. Ile katuni imefanywa muvi, watu wanaimba wenyewe, na watoto wa wageni wote wameiona. Sisi tumebaki nyuma."

Hapo alisema kweli. Hadithi yenyewe kila mtu wa rika langu anaijua tangu enzi za televisheni ya jirani: binti mfalme analogwa na mama wa kambo, anakuwa ndege, anafungiwa tunduni, anaimba siku nenda siku rudi mpaka anafunguliwa na kurudi kuwa mtu. Hoteli yetu ilikuwa ikiigiza katuni hiyo jukwaani kwa miaka, kwa pleibaki. Fundi alibonyeza kitufe, wimbo ukatoka kwenye spika, sisi tukafumbua na kufumba midomo. Wageni walipiga makofi, tukaenda zetu kula. Lakini ilipotoka filamu mpya, mtoto mmoja wa kigeni alisimama mstari wa mbele katikati ya onyesho akapiga kelele kwamba yule ndege haimbi, anatafuna tu. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Bosi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Yule ndege hakuwa mimi. Binti mfalme alikuwa msichana mmoja wa bara, mrefu, mwembamba, anayecheza densi utadhani hana mifupa. Sikuwa na ugomvi naye. Tulikuwa tukigawana sambusa. Mimi nilikuwa mama wa kambo. Tangu niajiriwe nilikuwa mama wa kambo, na siku ambazo hadithi haikuwa na mama wa kambo nilikuwa mchawi, na siku ambazo hapakuwa na mchawi nilikuwa jabali. Waliniambia ni kwa sababu ya umbo langu na uso wangu wa ukali. Ukali ninao, sikatai. Lakini nilikuwa nikisimama pale pembeni na pua yangu ya plastiki, nikisikiliza wimbo wa ndege ukitoka kwenye spika, roho ikinichemka. Wimbo ule ningeuimba mimi, watu wangelia.

Maana kuimba nimekunywa kwenye maziwa. Mamangu anaimba harusi, na ukitoka Bongwe ukaenda hadi Msambweni hukosi nyumba iliyowahi kumwita. Kwa hivyo bosi aliposema kwamba maigizo nayo yatafanywa upya, kwa sauti za watu na si za mashine, sikungoja amalize. Nilinuia pale pale: ndege ni mimi, na atakayenizuia ajifunge kibwebwe.

Tulijaribiwa sauti kesho yake. Msichana wa bara aliimba kwanza, maskini, sauti ikamtoka puani ikaishia njiani. Mimi nilipomaliza, mafundi wa taa walikuwa wameacha kazi wananitazama. Bosi alinivuta kando.

"Sikiza," alisema. "Wewe uko na sauti, hiyo hakuna mtu anabisha. Lakini wageni wamezoea prinsesi anakaa hivi." Akachora hewani kwa mikono miwili mtu mwembamba kama kijiti cha mshikaki. "Sasa tufanye hivi. Wewe utaimba nyuma ya pazia na maiki, yeye atakuwa kwa tundu anafungua mdomo. Hakuna mtu atajua. Na mshahara tutakuongezea."

"Yaani mimi ndiye mashine mpya?"

"Usichukulie hivyo."

"Nichukulie vipi? Bosi, sauti yangu haiendi mahali ambapo mwenyewe siendi."

Basi, alininunia. Wiki hiyo hiyo alinitoa kwenye maigizo kabisa akanipeleka bwawani asubuhi na jioni, nipulize filimbi huku wageni wenye umri wao wakinyanyua miguu ndani ya maji. Mguu juu, mguu chini. Nilikasirika, sitasema uwongo. Kuna siku nilipuliza filimbi ile hadi bibi mmoja wa Kizungu akaziba masikio.

Nilirudi nyumbani Bongwe nimevimba. Mama alikuwa uani akimenya muhogo. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nikamwaga yote: filamu, tundu, pazia. Nilitarajia anitetee, maana mama akishika upande wako, mtaa mzima unajua.

"Si vizuri hivyo?" alisema.

"Vizuri nini?"

"Pazia." Hakuinua hata macho. "Mie nimeimba harusi za watu tangu sijakuzaa. Siku zote upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Hakuna mwanamume wa hapa awezaye kusema aliwahi kuniona mdomo ukiwa wazi. Wananijua kwa sauti, wananiheshimu kwa sauti. Leo wewe umepewa pazia bure, unalikataa?"

Ala! Bosi anitake nyuma ya pazia kwa sababu sipendezi, na mama anitake nyuma ya pazia hilo hilo kwa sababu nina heshima. Wangekutana hao wawili wangepeana mkono.

"Mama," nilisema, "nyuma ya pazia lako wapo wanawake tele, na wote wanajua anayeimba ni wewe. Wanakushangilia wewe, wanakutunza pesa wewe. Mimi nyuma ya pazia la bosi sipo. Mbele kuna mwengine anafumbua mdomo, na makofi ni yake."

Kisu kilisimama. "Anafumbua mdomo, na sauti ni yako?"

"Ndiyo."

"Basi huo ni uwongo."

"Si ndiyo nasema!"

"Usinipigie kelele. Huo ni uwongo, nimekubali. Lakini na kusimama mbele ya wanaume ukawaimbia, hiyo ni haya. Yote mawili siyapendi. Amua mwenyewe, wewe ni mtu mzima." Akaendelea kumenya muhogo wake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliamua, au tuseme nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi nilikwenda bwawani, nikapuliza filimbi, na mazoezi ya jukwaani yalipoanza nikaenda kuketi benchi la mbele, suruali imelowa, filimbi shingoni. Niliketi tu. Kesho yake tena, na kesho kutwa.

"We unangoja nini hapa?" bosi aliniuliza.

"Zamu yangu."

"Zamu yako ni ya bwawa."

"Hiyo nimeshaimaliza."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Angenifukuza vipi? Benchi lile kila mfanyakazi alikuwa na ruhusa kulikalia wakati wa mapumziko.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi nyingine. Kwenye simu nilikuwa nimeona vipande vya ile filamu mpya vikiimbwa kwa lugha za watu: Waarabu kwa Kiarabu chao, Wahindi kwa Kihindi chao, kila mmoja anamlilia ndege yule yule kwa maneno ya nyumbani kwao. Nikasema loo, na sisi je? Wageni wetu wa likizo siku hizi nusu yao ni familia za Mombasa na Nairobi. Nikakaa kuutafutia wimbo wangu maneno yangu. Pale ndege anapoomba aachiwe, nilijaribu "niweke huru," nikaona mbona ni hotuba ya sikukuu ya taifa. Nikajaribu "nikomboe," ikawa kama niko rehani. Jioni moja nikiwa ndani nawaza, mama akarudi kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani na ndoo mkononi, akasimama nje ya mlango akaita, "Nifungulie!" Kwa namna alivyolivuta neno lile, kwa uchovu na kwa haki, kama mtu ambaye mlango ni wake, nikajua nimepata. Nilimfungulia nikiwa nacheka. Hakujua nacheka nini, akanifyonya.

*Nifungulie, nione jua.* Hicho ndicho kikawa kiitikio changu, na nilikiimba bwawani, njiani, jikoni, mpaka majirani wakakijua.

Jukwaani mambo yalikuwa hayaendi. Bosi alikuwa amekataa kurudi kwenye pleibaki, na msichana wa bara alikuwa akijikaza kisabuni, lakini kila wakifika pale wimbo unapopanda, sauti yake ilikatika. Alasiri moja ilimkatika mara nyingi mfululizo. Akaketi chini ndani ya tundu, miguu mirefu imekunjwa, machozi yanamlengalenga.

"Mimi ni mchezaji, bosi," alisema. "Siku hizi nikiamka naskia kama naenda kung'olewa jino. Na mwenye wimbo si huyo amekaa hapo?" Akanionyesha kwa mdomo, mtindo aliojifunza kwetu.

Sikungoja kukaribishwa. Nilisimama pale pale benchini nikaimba, kwa Kiswahili, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, bila maiki. Wapishi walitoka jikoni. Meneja wa hoteli, mama mmoja asiyekuwa na muda wa kusalimiana na mtu, alikuwa akipita na simu sikioni. Aliiteremsha ile simu akasimama. Nilipomaliza alimwambia bosi, "Hiyo ya Kiswahili ndiyo tutakayofanya. Na huyu," kisha akaendelea na simu yake.

Bosi alijikuna kisogo. Sitamsema vibaya, alikuja akanipa mkono. "Sawa," alisema. "Umeshinda. Lakini iko shida moja."

"Shida gani tena?"

"Tundu."

Tundu la mianzi lilikuwa limepimwa kwa mwili wa msichana wa bara. Nilijaribu kuingia. Bega lilipita, kifua kikapita kwa taabu, kiuno kikakwama mlangoni, nikawa siendi mbele wala sirudi nyuma. Watu walicheka hadi wakaketi chini, na mimi nilicheka nao, kwa sababu usipocheka hapo utalia. Walipomaliza kunivuta nilijipangusa nikawaambia, "Haya, mmefurahi. Sasa tundu litapanuliwa. Mimi sitapunguzwa." Fundi seremala akaitwa kutoka Kombani, akalifumua, akaliunda upya. Nilikaa juu ya kichwa chake mpaka mlango ukatosha kupita bila kunyanyua mkono.

Nguo nilichagua mwenyewe pia. Gauni refu la manyoya ya kitambaa, mikono hadi vidoleni, na taji juu ya ushungi. Bosi alifungua mdomo kusema kitu kuhusu ushungi, akanitazama, akaufunga.

Kilichobaki ni mama. Tangu nimwambie kwamba nimelipata tundu, maneno yalipungua nyumbani. Nikimwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuwa kavu, ya kutimiza wajibu. Onyesho la kwanza lilipangwa liwe alasiri, kwa ajili ya watoto, na jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa kusimama upande wa jikoni. Nilimwomba aje.

"Nije hotelini nifanye nini? Nitazame mwanangu akitazamwa?"

"Uje unisikie, mama."

"Nakusikia hapa kila siku. Mpaka kuku wameujua wimbo huo."

Iliniuma. Nilitaka aje kuliko nilivyotaka makofi ya wageni wote wa Diani. Lakini sikumbembeleza; sisi sote wawili ni wagumu, na nani angeanza? Asubuhi ya siku ile niliondoka yeye akiwa kwenye mswala, nikamwachia salamu mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Watoto wa wageni walikaa chini mbele, na kati yao, wallahi, kulikuwa na kimoja kilichokunja mikono kifuani kikinipima kama hakimu. Niliingia tunduni. Msichana wa bara, ambaye sasa alikuwa mjakazi wa kasri anayefungua mlango mwishoni, alinikonyeza. Muziki ukaanza, na mimi nikaanza.

Nilikuwa katikati ya ubeti wa kwanza nilipotupa jicho upande wa jikoni. Chini ya makuti walisimama wanawake wa usafi na wapishi, na nyuma yao kabisa, nusu ameegemea nguzo, buibui limebanwa kwapani namna ambayo hakuna mwengine duniani anayolibana, alikuwa mama. Nikashika fito za tundu nikaendelea, na nikamwimbia yeye.

Sasa, wimbo ule una mahali panapotisha. Kwenye ile filamu mpya, kabla ya mstari wa mwisho, muziki unakatika ghafla. Ndege anainua macho, hasemi kitu. Kimya. Watazamaji wanazuia pumzi, halafu ndipo anapomalizia polepole. Bosi alikuwa amenifundisha kimya hicho kuliko wimbo wenyewe. Usiharakishe, alikuwa akiniambia, waache wangoje, hapo ndipo pesa yao iko.

Nikafika pale. *Nifungulie, nione jua.* Muziki ukakatika. Nikainua macho, nikanyamaza. Watu mia na kitu, na usingesikia hata kijiko. Hata kile kihakimu kilikuwa kimefungua mikono.

Kwa watu wa filamu kimya kile ni utamu. Lakini kwenye nyimbo zetu kimya hakina maana hiyo. Kwetu mwimbaji akitoa kiitikio akanyamaza, amewaambia watu: pokeeni. Na watu hupokea, papo hapo, kwa pamoja. Wasipompokea wamemsusa, wamemwambia mbele ya kaumu kwamba hana mtu. Sijawahi kuona mwimbaji akisuswa hivyo, ila nimesikia mama akisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia msiba.

Sauti ilitoka upande wa jikoni. Haikuwa na maiki na haikuihitaji.

"*Mfungulieni! Mfungulieni, mwanangu aone jua!*"

Vichwa vyote viligeuka. Mama alikuwa ametoka nyuma ya nguzo, amewapita wapishi, amesimama mahali peupe mbele ya wahudumu, walinzi, Wazungu wake kwa waume, mdomo wazi, mkono umenyooshwa kwangu. Bosi alikuwa pembeni mwa jukwaa akipunga mikono kama anafukuza nyuki. Nikamwona, nikamwacha. Nikarudia, "*Nifungulie, nione jua,*" na mama akapokea, na safari hii wanawake wa jikoni wakapokea naye, vigelegele vikapasuka, familia za Mombasa zikasimama zikaingia, na watoto wa kigeni ambao hawajui hata neno moja wakaimba "fungulieni" wanavyojua wao. Msichana wa bara alikuwa hajafikiwa na zamu yake ya kutokea. Alikuja mbio, akaufungua mlango wa tundu kwa mikono miwili. Nilitoka nikilia waziwazi, rangi ya macho imenishuka mashavuni, na nikaimba mstari wa mwisho nikiwa nje, ambako haukupangwa kuimbwa.

Makofi sitayaeleza. Nilipobadilisha nguo nilimkuta mama kwenye lango la wafanyakazi, amejifunika buibui hadi machoni, ananingoja kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Bosi alitukimbilia akihema.

"Mama, shikamoo," alisema. Kumbe shikamoo aliijua siku zote. "Mama, ile kitu umefanya! Unaweza kuja kila wiki? Tunaweza kuongea."

"Marahaba, baba. Kuja kufanya nini?"

"Kuimba."

"Nani aliyeimba?" mama alimuuliza, kwa upole kabisa. "Mie sikuimba."

Bosi alinitazama mimi. Nikainua mabega. Tukamuaga, tukapanda tuktuk.

Tulikwenda mpaka tukaiacha lami. Nilikuwa namtazama kwa upande. Mwanamke ambaye hakuna mwanamume aliyewahi kumwona mdomo wazi. Mwishowe sikuweza kujizuia.

"Mama, mbele ya wanaume wote wale. Kama hukuimba, ulifanya nini?"

Alijipangusa uso kwa ncha ya buibui.

"Ulinyamaza pale," alisema. "Nikatazama huku, nikatazama huku. Watu wote wale, mwanangu, na hakuna hata mmoja wa kukupokea. Ningekuacha?"